Busta za vifaranga: tuzipime wenyewe bandani, tuache kuaminishana

#1 Bandani Kwangu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila vifaranga wakiingia bandani maswali ni yaleyale kuhusu busta, yaani nyongeza za vitamini na virutubisho vingine zinazowekwa kwenye maji au chakula: ipi nzuri, ipi inawahisha kuku sokoni, nani katumia ipi. Majibu huja mengi, na karibu yote yana kasoro moja. Mtu kawapa kuku wote busta, wakakua, akasema busta imekuza. Jamani, broila atakua hata usipompa. Kama hakuna kundi la pili lililokula chakula kilekile, siku zilezile, ndani ya banda lilelile, ila busta halikupata, hakuna anayeweza kujua kilichomkuza kuku ni nini. Hili linaniuma kwa sababu hela inatoka kwa mfugaji ambaye faida yake kwa kuku mmoja ni nyembamba mno.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga apinge: busta inaziba pengo. Kama chakula au banda lako lina pengo ambalo busta hiyo inalijaza, utaona vifaranga wanachanua. Kama pengo halipo, hutaona kitu, hata kama bidhaa ni halali na aliyekuuzia ni mkweli. Kwa hiyo ukiulizwa kama busta fulani inakuza, uliza kwanza: kuku anayekula nini, anayelala wapi?

Haya sijayatunga mimi. Elimu ya vitamini kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya kuku. Mwaka 1889 huko Batavia, ambayo leo ni Jakarta, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman alikuwa anatafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa uliokuwa unawapooza miguu askari. Kuku wake wa maabara wakaanza kuyumba, miguu ikalegea, wengine wakafa, hata wale ambao hakuwadunga chochote. Miezi kadhaa baadaye waliobaki wakapona. Alipofuatilia akakuta mtunza kuku alikuwa akiwalisha wali mweupe uliotoka jikoni kwa hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, akagoma wali wa jeshi kuliwa na kuku wa raia, wakarudishiwa mchele ambao haujakobolewa sana. Hapo ndipo Eijkman akaanza kupima kwa makusudi: hawa mchele mweupe, hawa mchele wenye ganda, hawa mchele mweupe ukichanganywa na pumba. Waliopata pumba hawakupooza.

Yeye mwenyewe aliamini wanga wa mchele mweupe una sumu na pumba ndiyo dawa yake. Aliyesoma matokeo kwa jicho jingine ni mwenzake Gerrit Grijns, mwaka 1901: hakuna sumu, kuna kitu kimekosekana. Kitu hicho leo ni vitamini B1. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Mwaka huohuo wa 1929 Henrik Dam, kule Copenhagen, aliwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta. Alitaka kujua mambo ya kolesteroli. Vifaranga wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi, na damu yao haikuganda haraka. Akawaongezea vitamini zilizojulikana wakati ule, haikusaidia. Akamalizia na kitu kipya alichokiita vitamini K, herufi ya kwanza ya neno la kuganda katika lugha yake.

Na hadithi inayotuhusu zaidi ni ya Marekani, 1948. Ilikuwa inajulikana kuwa vifaranga wanaolishwa mahindi na soya peke yake wanadumaa, na ukiweka unga wa samaki au ini kidogo wanakua vizuri. Wataalamu wakasema kuna kitu fulani ndani ya protini ya wanyama, ila hawakijui. Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle wakawa wanakitafuta kwa kuwapima vifaranga. Mwaka huo vitamini B12 ikapatikana, ikaonekana ndiyo yenyewe. Lakini walipowapa vifaranga masalia ya kiwanda yaliyobaki baada ya kutengeneza antibayotiki ya aureomaisini, vifaranga wakakua kupita hata wale wa B12. Ndani ya masalia kulikuwa na mabaki ya dawa. Mlango wa antibayotiki kwenye vyakula vya mifugo ukafunguliwa pale. Nitalirudia hilo, maana lina madhara mpaka leo.

Angalieni walivyokuwa makini, wakuu. Kiini cha yai kinabeba B12 kutoka kwa mama, kwa hiyo walitumia vifaranga wa kuku waliolishwa mimea mitupu. Kifaranga akikaa kwenye maranda hudonoa kinyesi, na vijidudu vya kwenye kinyesi vinatengeneza B12, kwa hiyo waliwaweka kwenye sakafu ya waya. Bila hayo mawili pengo lingejiziba lenyewe na jaribio lisingeonyesha lolote.

Karibuni tujadili. Nitaeleza namna ya kupima kwa vifaa vya kawaida kama kuna mwenye nia.

#2 Mama Vifaranga

Asante sana kiongozi, umeshusha nondo. Mimi nina nia. Natarajia kupokea broila 200. Nalisha stata (chakula cha kuanzia cha vifaranga) ya kiwandani, na kuna busta ya kuweka kwenye maji ambayo huwa nanunua kila mzao kwa mazoea tu. Nigawe mia kwa mia? Banda langu ni moja.

#3 Bandani Kwangu

Dada yangu, mia kwa mia ndiyo namna wengi tunavyofanya na ndiyo inayotudanganya. Ukiwa na vyumba viwili, kimoja cha busta na kimoja bila, una namba mbili tu za kulinganisha, hata kama kila chumba kina kuku elfu moja. Vifaranga wa chumba kimoja wanakula chombo kimoja, wanapata joto moja, ugonjwa mmoja. Chumba kikiwa karibu na jiko la mkaa, au upepo ukiingia upande mmoja, tofauti utakayoiona ni ya jiko na upepo.

Gawa banda vyumba vinane vya vifaranga 25. Silingibodi au wavu vinatosha. Vipange jozijozi: viwili vilivyo karibu na joto ni jozi moja, viwili vya mlangoni ni jozi nyingine, hivyo hivyo mpaka jozi nne. Ndani ya kila jozi rusha shilingi uamue kipi kinapata busta. Usichague kwa macho, mkono wa mfugaji una tabia ya kupeleka busta kwenye chumba kizuri.

Vifaranga nao usiwachukue kama wanavyotoka kwenye boksi, kwa sababu wanaokamatika upesi mara nyingi ni wale waliozubaa. Mweke mmoja chumba cha kwanza, mwingine cha pili, zunguka mpaka vyumba vijae. Kisha pima kila chumba kwa pamoja: ndoo yenye mfuniko wa wavu juu ya mizani ya jikoni, pima ndoo tupu kwanza, weka vifaranga watano watano, andika. Vyumba vikipishana sana uzito siku ya kwanza, badilisha mmoja mmoja mpaka vikaribiane.

Chakula kiwe cha kundi moja la kiwandani, tarehe moja. Kila chumba kiwe na ndoo yake ya chakula iliyopimwa, ujue kilichoingia na kilichobaki. Maji vivyo hivyo: wasiopewa busta wapate maji yaleyale, muda uleule, vyombo vya aina ileile. Chanjo zote sawa. Na kama unaye kijana anayekusaidia, asijue kipi ni kipi. Mchanganyie wewe, mwachie madumu ya rangi mbili. Anayejua atakiangalia kile cha busta zaidi, hata bila kukusudia.

Pima tena siku ya 7, 14 na 21, saa ileile kila mara, maana kifaranga aliyeshiba ana gramu za ziada tumboni. Akifa mmoja, mpime na uandike uzito wake na tarehe. Usipofanya hivyo, chakula alichokula kitahesabiwa kwa walio hai na hesabu itapinda.

Nikupe mfano wa kubuni uone kwa nini jozi nne. Tuseme siku ya 21 wastani kwa gramu ni hivi, busta kwanza, wasiopewa pili: jozi ya kwanza 735 na 668, ya pili 662 na 715, ya tatu 701 na 704, ya nne 690 na 693. Ungekuwa na ile jozi ya kwanza peke yake ungeapa kuwa busta inaongeza gramu 67. Ukizichukua zote nne, wastani ni 697 kwa 695. Gramu mbili, na jozi tatu kati ya nne zimeelekea upande mwingine. Hapo busta haijaonyesha lolote.

#4 Duka la Pembejeo

Mkuu, heshima yako. Mimi ndiyo muuzaji mnayemsema, na siuzi uongo. Wateja wangu wanarudi wanashukuru. Vifaranga wamesafiri usiku kucha kwenye boksi, wamefika wamekauka, ukiwapa maji yenye vitamini na glukosi wanaamka mbele ya macho yako. Mnataka mfugaji akae na daftari wiki tatu wakati vifaranga wanalala?

#5 Bandani Kwangu

Mkuu, nashukuru umekuja, na hoja yako ina uzito. Kifaranga aliyekaukiwa maji njiani ana pengo la wazi kabisa. Anahitaji maji na nguvu, na wewe unampa. Hapo sipingi hata kidogo, ingawa ningependa mtu ajaribu upande mmoja maji masafi ya uvuguvugu peke yake tuone sehemu ya kazi iliyofanywa na maji. Ninachopinga ni ile ya kuendelea nayo mpaka siku ya kuuza kwa kuku anayekula stata kamili yenye mchanganyiko wa vitamini tayari.

Kuna jambo zito zaidi. Tafadhali, wote mnaosoma hapa, geuzeni kibandiko cha nyuma. Baadhi ya busta zina vitamini pamoja na oksitetrasaiklini au antibayotiki nyingine. Hiyo ni dawa. Ina siku za kusubiri kabla nyama au yai halijaliwa, na haitakiwi kuwa kinywaji cha kila siku.

Narudi kwenye ile habari ya Jukes. Baada ya pale antibayotiki zilienea kwenye vyakula vya kuku, lakini waliozipima kwa uangalifu waligundua jambo: kwenye banda jipya na safi faida ilipungua au ikatoweka, na vifaranga waliolelewa bila vijidudu kabisa hawakukua zaidi walipopewa. Maana yake dawa ilikuwa inaziba pengo la uchafu. Wakati huohuo vijidudu vilikuwa vinajifunza kuishi na dawa. Kamati ya Swann kule Uingereza, iliyochunguza matumizi ya antibayotiki kwa mifugo, ilitoa onyo mwaka 1969. Sweden ilipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukazimaliza zote tarehe 1 Januari 2006, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likashauri wafugaji waache kutumia dawa muhimu kwa binadamu kukuzia wanyama. Maranda makavu, hewa inayopita na chombo cha maji kinachosuguliwa kila asubuhi vinaziba pengo lilelile.

#6 Mkulima wa Nakuru

Hamjambo ndugu zetu. Huku Nakuru wengi wetu tunachanganya chakula wenyewe kwa sababu bei ya chakula cha vifaranga imepanda. Mimi nilikuwa natumia mahindi, mashudu ya alizeti na soya. Nilipoongeza omena vifaranga walibadilika kabisa, manyoya yakakaa vizuri, wakaanza kukimbia. Je, hiyo nayo tuseme si busta?

#7 Mwana Morogoro

Ndugu wa Nakuru, naomba nichangie, mimi nimesomea lishe ya mifugo. Hiyo ndiyo busta halisi kuliko chupa nyingi, na inathibitisha kauli ya mwanzisha uzi. Chakula chako kilikuwa mimea mitupu, yaani kilekile cha Marekani kabla ya 1948. Omena, dagaa kwetu, amekuletea B12, na pia asidi za protini: laisini, ambayo mahindi na alizeti vina uhaba nayo, na methionini, ambayo soya ina uhaba nayo. Baraza la utafiti la Marekani katika mwongozo wake wa 1994 linataka broila wa wiki tatu za kwanza apate protini asilimia 23, laisini asilimia 1.1 na methionini 0.5. Mahindi na mashudu peke yake havikufikishi hapo kwenye laisini.

Jaribu jambo hili: mpe dagaa huyohuyo broila anayekula stata iliyokamilika. Usitegemee kuona maajabu yale.

Mambo mawili ya kuangalia. Dagaa wa kuanikwa chini ana mchanga mwingi. Chukua kilo moja, mwaga kwenye ndoo ya maji, koroga, mtoe dagaa, kisha kausha na upime kilichobaki chini. Utashangaa unavyonunua ufukwe. Mwenye mchanga mwingi anavuruga jaribio pia, kwa sababu unadhani umeweka asilimia kumi ya dagaa kumbe ni pungufu. La pili, soya iwe imekaangwa au kuchemshwa. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini kusagwa tumboni, na kongosho la kifaranga huvimba. Ukipima busta juu ya soya mbichi utailaumu busta bure.

Niongeze mfano wa kimeng'enya cha fitasi, maana kinauliziwa sana siku hizi. Fosforasi iliyomo kwenye mahindi na soya sehemu kubwa imefungwa, kuku hawezi kuifungua. Fitasi inaifungua. Ukiipima kwenye chakula ambacho tayari umejaza unga wa mifupa au DCP (madini ya kiwandani yenye kalsiamu na fosforasi), hutaona tofauti. Watafiti hupunguza fosforasi kwanza, kisha mwisho wa jaribio wanachukua mfupa wa mguu, wanauchoma na kupima majivu yake, kwa kuwa mfupa unaonyesha upungufu hata pale ambapo uzito bado haujasema. Vivyo hivyo dawa za kufunga sumu kuvu: kama mahindi yako hayana sumu hiyo, kitapimwa nini?

Ila wafugaji wenzangu, msiwanyime vifaranga wa biashara lishe kwa makusudi ili muone dalili. Hiyo ni kazi ya maabara yenye usimamizi. Nyumbani linganisheni chakula kizuri na chakula kizuri chenye nyongeza.

#8 Mama Vifaranga

Mwana Morogoro, nimekuelewa vizuri. Niulize hapohapo: mzao uliopita nilichanganya chakula mwenyewe, vifaranga wachache wakawa wanakaa chini, vidole vimejikunja kwa ndani kama ngumi, wanatembelea vifundo. Macho yao mazima na hamu ya kula wanayo. Niliambiwa ni mareksi, ule ugonjwa wa virusi unaopooza kuku, nikawachinja.

#9 Mwana Morogoro

Pole sana mama. Kwa vifaranga wadogo wa wiki mbili au tatu, vidole vya miguu yote miwili vikijikunja ndani na kichwa kikiwa kizima, jambo la kwanza kulifikiria ni upungufu wa vitamini B2. Mareksi kwa kawaida hujitokeza kuku akiwa mkubwa zaidi, na mara nyingi mguu mmoja huenda mbele na mwingine nyuma. Bila kumwona kuku siwezi kukuhakikishia, daktari wa mifugo wa kata yako ndiye angempasua na kuangalia neva. Wakiwahiwa, wenye upungufu wa B2 huamka kwa vitamini za maji, na hapo ile chupa ya muuza pembejeo inakuwa na thamani yake yote. Wakichelewa, neva huharibika na vidole havinyooki tena.

Dalili nyingine zinazosaidia kujua pengo liko wapi: mdomo unaopinda kama mpira ukiubonyeza, angalia vitamini D, kalsiamu na fosforasi. Kifundo kilichovimba na mguu kwenda upande, angalia manganizi na kolini. Na kwa D, kuku anahitaji ile ya D3. Ile ya D2 inayotoka kwenye mimea inamfaa kidogo sana.

#10 Mgeni Jukwaani

Samahani wakuu, nimesoma yote. Ila mtaani kwetu wanasema broila wanakua haraka kwa sababu ya homoni zinazowekwa kwenye chakula. Hili mbona hamligusi?

#11 Bandani Kwangu

Karibu sana. Hili nalo limepimwa, na kwa njia safi kabisa. Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada kilihifadhi koo za broila wa mwaka 1957 na 1978. Watafiti wakawalea pamoja na broila wa 2005, chakula kilekile, mazingira yaleyale, matokeo yakachapishwa 2014. Siku ya 56 yule wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Chakula hakikubadilika, kwa hiyo kilichofanya tofauti ni uzao: miaka mingi ya kuchagua wazazi wanaokua haraka. Homoni ya ukuaji yenyewe ni protini, ukimlisha kuku itasagwa tumboni kama protini nyingine yoyote.

Kwa anayepima busta somo lipo hapo pia. Ukilinganisha mzao wa mwezi huu na wa mwezi uliopita, pengine vifaranga wametoka kwa wazazi tofauti, au mama zao walikuwa wachanga wanaotaga mayai madogo, na kifaranga wa yai dogo huanza na uzito mdogo. Makundi yote mawili yatoke boksi moja, siku moja.

#12 Mama Vifaranga

Nimeshaongea na fundi wa silingibodi. Swali la mwisho: nikikuta busta imeongeza kidogo kweli kwenye jozi zote nne, nitajuaje kama inalipa?

#13 Bandani Kwangu

Kama jozi zote nne zimeelekea upande mmoja, sasa ingia kwenye hela. Chukua gharama ya busta iliyoingia kwenye vyumba vinne, gawanya kwa kuku waliofika mwisho wakiwa hai. Upande wa pili, gramu zilizoongezeka kwa kuku mmoja zigeuze ziwe kilo, zidishe kwa bei unayouza kilo, kisha toa gharama ya chakula cha ziada alichokula. Ndiyo maana nilisisitiza ndoo ya chakula ya kila chumba. Gawanya kilo za chakula kwa kilo za uzito walioongeza: kama wa busta wana 1.5 na wengine 1.5, basi wamekula zaidi wakaongeza zaidi, na faida yako ni kuwahi sokoni tu. Namba hiyo ikishuka upande wa busta, hapo chakula kimetumika vizuri zaidi. Na kama huko kwenu kuku anauzwa kwa kichwa na hapimwi kwa kilo, gramu thelathini hazitakurudishia kitu, hata zikiwa za kweli.

Weka daftari lako humu ukimaliza, namba za vyumba vyote vinane, na wale waliokufa pia.